Rangi ya Jani Shambani na Rangi ya Jani Karatasini



Tuseme wewe ni mkulima wa mpunga hapa Kisaki. Shamba lako liko bondeni, si mbali na mto Mgeta. Asubuhi moja unafika shambani na kukuta majani yameanza kuingia rangi ya njano. Unatoa simu mfukoni, unapiga picha ya jani moja. Jioni unaituma picha hiyo kwa mwanao aliyeko Morogoro mjini. Naye anaipeleka steshenari ikachapwe, apate kumwonyesha mtu anayejua kilimo. (Hapa Kisaki ukitaja stesheni watu hufikiria treni ya TAZARA. Sisi tunasema steshenari, yaani duka la karatasi na kopi.)

Kwenye kioo cha simu yako jani lilikuwa la kijani, lenye michirizi na madoa ya njano. Lakini karatasi iliyotoka mashineni inaonyesha jani la njano tupu. Michirizi haionekani. Yule mtu anaitazama karatasi na kusema, "Shamba hili lina njaa. Mwambie mzee aweke urea." Unatoa fedha, unanunua mfuko, unalipa nauli ya mzigo kutoka mjini kupitia Matombo na Mvuha. Unamwaga mbolea. Wiki zinapita na mpunga uko vile vile.

Mfano huu tumeutunga. Lakini makosa ya namna hii ni rahisi kutokea, na hasara yake ni ya kweli. Jani la mpunga lililopungukiwa chakula cha naitrojeni huwa na njano iliyoenea sawasawa, nayo huanzia majani ya chini, yale ya zamani. Jani lenye ugonjwa wa kimyanga huwa na michirizi na madoa ya njano na kijani yaliyochanganyika, hasa kwenye majani machanga. Mmea hudumaa, na mashuke hutoka na mapepe. Kimyanga huletwa na kirusi. Kilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 huko Kenya, karibu na Kisumu. Huenezwa na wadudu aina ya mbawakawa wanaokula majani, na pia kwa mikono na zana zilizogusa mmea mgonjwa. Urea haikiponyi. Kwa hiyo tofauti kati ya njano tupu na njano ya michirizi ni tofauti kati ya kununua mbolea na kung'oa mimea migonjwa.

Sasa, nani alidanganya? Simu, mashine, au macho ya yule mtu?

MIZANI YA UFUTA

Wakulima wa ufuta wanajua jambo hili vizuri. Unapima gunia lako nyumbani, mizani inasema kilo 70. Unalipeleka kwa mnunuzi, mizani yake inasema 66. Gunia ni lile lile. Huwezi kujua mizani ipi ni ya kweli kwa kuzitazama tu. Njia ni moja: weka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Jiwe la kilo 20 likisomeka 19, mizani imekosea, na sasa unajua imekosea kwa kiasi gani. Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo hupita kukagua mizani na kuipiga muhuri.

Kazi ya kulinganisha chombo cha kupimia na kipimo kinachojulikana huitwa ugezi. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya ugezi kwa ajili ya kazi hiyo. Rangi nayo ina ugezi wake. Mashine ya kuchapa picha ni kama mizani ya rangi. Haijui jani wala mpunga. Inapokea namba kutoka kwenye simu au kompyuta, kisha inatia wino. Ikiwa haijalinganishwa na kitu chochote kinachojulikana, inatia wino kwa mazoea yake.

Lakini angalia: jiwe la mizani lenyewe lisiwe limemeguka. Tumesikia watu wakisema wanaijaribu mashine kwa kuchapa bendera ya taifa na kuilinganisha na bendera ya ofisi ya kijiji. Wazo si baya. Rangi za bendera zinajulikana: kijani, nyeusi, bluu, na mistari miembamba ya dhahabu ambayo wengi wetu huiita njano. Lakini bendera iliyopigwa na jua miaka miwili si kipimo tena. Kijani chake kimeshapauka.

MWANGA WA SIMU NA WINO WA KARATASI

Fanya jaribio hili dogo. Chovya ncha ya kidole kwenye maji, kisha acha tone dogo sana, dogo kuliko punje ya ulezi, lidondoke juu ya kioo cha simu iliyowashwa mahali palipo peupe. Tazama ndani ya tone. Tone hufanya kazi ya kioo cha kukuzia. Utaona vitone vya rangi tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Weupe unaouona ni mianga hiyo mitatu ikiwaka pamoja. Zikipungua nguvu kwa viwango mbalimbali, unapata rangi nyingine zote. Kila mwanga una ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Ukizidisha 256 mara 256 mara 256 utapata rangi 16,777,216. Hizo ndizo ambazo simu ya kawaida inaweza kuzitaja kwa namba.

Karatasi haiwaki. Karatasi hurudisha mwanga unaoiangukia, iwe wa jua au wa taa. Wino hufanya kazi ya kuzuia. Wino wa njano humeza mwanga wa bluu na kuacha nyekundu na kijani zirudi machoni. Mashine nyingi hutumia wino wa namna nne. Wa kwanza ni sayani, yaani bluu inayofanana na bahari karibu na ufuko. Wa pili ni majenta, nyekundu inayoelekea zambarau. Wa tatu ni njano na wa nne ni nyeusi. Hakuna wino wa kijani! Kijani cha jani la mpunga kwenye karatasi ni sayani na njano vilivyolaliana.

Tafadhali rudia sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayoeleza mkasa wetu. Kijani ni sayani na njano. Sayani ikipungua, je, kinabaki nini? Inabaki njano. Basi jani lako halikuugua njiani kwenda Morogoro. Mashine ilipungukiwa sayani. Kinyume chake kinawezekana pia, nacho ni kibaya zaidi: sayani ikizidi, jani gonjwa linatoka kijani kizuri, na mwenye shamba anaambiwa hakuna tatizo.

KWA NINI WINO HAUTII AMRI

Mashine za kuchapa kutoka kwenye kompyuta ni za aina mbili zinazoonekana sana. Moja hurusha matone madogo mno ya wino wa maji kupitia matundu yasiyoonekana kwa macho. Nyingine hutumia unga uitwao tona. Unga huo huvutwa na umeme tuli, kama vile vipande vya karatasi vinavyovutwa na kitana ulichosugua kwenye nywele kavu. Kisha huyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi.

Katika mashine ya matone, vumbi na wino uliokauka huziba matundu. Mashine ikikaa wiki nzima bila kazi wakati wa joto, matundu machache ya sayani yanaweza kuziba. Katika mashine ya tona, unyevu wa masika hubadilisha nguvu ya umeme tuli, na karatasi iliyonyonya unyevu haishiki unga vizuri. Vipuri huchakaa. Katriji ya bei nafuu iliyojazwa upya huwa na wino usiofanana na ule wa kwanza. Hapo hatujataja karatasi yenyewe. Ichukue karatasi ya gazeti na karatasi ya kopi, uziweke pamoja penye mwanga. Ya gazeti ni nyeupe inayoelekea kahawia. Karatasi ya kopi mara nyingi hutiwa dawa ya kuing'arisha, ikawa nyeupe inayoelekea bluu. Wino ule ule, ukitiwa kwenye karatasi hizo mbili, hutoa rangi mbili.

Halafu kuna kuvimba kwa kitone. Dondosha wino wa kalamu kwenye karatasi ya gazeti, utauona unatambaa. Mashine nayo hupatwa na jambo hilo. Ukiiamuru ifunike nusu ya eneo, yaani 50 kwa mia, vitone vinatambaa na kufunika labda 65 kwa mia. Picha inakuwa nzito na giza. Ile michirizi myembamba ya kimyanga hujaa wino, nayo ikapotea.

UGEZI UNAVYOFANYIKA

Kwanza, fundi husafisha. Hili wengi hulisahau. Mashine ina utaratibu wake wa kusafisha matundu na kuchapa ukurasa wa majaribio wenye mistari ya kila wino. Mstari uliokatika unaonyesha tundu lililoziba. Kufanya ugezi kabla ya kusafisha ni sawa na kukagua mizani ambayo sahani yake imejaa matope.

Baada ya hapo fundi huchapa ukurasa wenye miraba mingi. Mraba wa kwanza una sayani 10 kwa mia, unaofuata 20, na kuendelea hadi 100. Kisha majenta, njano na nyeusi vivyo hivyo. Karatasi lazima iwe ile ile itakayotumika kwa kazi. Anaiacha ikauke. Kisha anachukua kipima-rangi, chombo kidogo kinachoshikwa mkononi. Chombo hiki humulika kila mraba kwa taa inayojulikana na kuhesabu mwanga unaorudi. Hakichoki kama macho, wala hakibembelezi mteja.

Sasa fundi ana orodha mbili: kile alichoomba na kile alichopata. Aliomba 50 akapata 65. Kompyuta inatengeneza mstari wa marekebisho: kila ikiombwa 50, itie chini ya hapo, kwa kiasi ambacho baada ya kuvimba kitafika 50. Inafanya hivyo kwa kila wino na kwa kila ngazi. Huo ndio ugezi wenyewe.

Hatua inayofuata ni wasifu wa rangi. Fundi huchapa miraba mingine, safari hii mamia, yenye wino uliochanganywa kwa namna nyingi. Kipima-rangi husoma yote. Kompyuta huweka kumbukumbu kwamba mashine hii, kwa wino huu na karatasi hii, mchanganyiko fulani hutoa rangi fulani. Kumbukumbu hiyo ni kama kamusi. Simu inazungumza lugha ya nyekundu, kijani na bluu. Mashine inazungumza lugha ya sayani, majenta, njano na nyeusi. Bila kamusi kila mmoja anabahatisha.

Je, kamusi imeandikwa kwa kipimo gani? Katika miaka ya 1920 huko Uingereza, wataalamu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliwaketisha watu mbele ya chombo chenye mianga mitatu. Kila mtu alionyeshwa rangi, naye akaongeza na kupunguza mianga mitatu hadi ifanane nayo. Watu wote walikuwa 17. Kutokana na macho hayo 17, Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, iliweka mwaka 1931 kipimo cha jicho la kawaida la binadamu. Mwaka 1976 tume hiyo ilitoa njia ya kuitaja rangi kwa namba tatu. Ya kwanza ni mwanga, kutoka 0 ya giza hadi 100 ya weupe. Ya pili huonyesha rangi inaelekea kijani au nyekundu. Ya tatu huonyesha inaelekea bluu au njano. Kwa namba hizo rangi ya jani inaweza kutajwa Kisaki na kueleweka Japani bila jani kusafiri. Mwaka 1993 kampuni nane za kompyuta na picha ziliunda chama cha kimataifa, ICC, ili wasifu wa rangi uandikwe kwa namna moja na kila mashine iweze kuusoma.

Usidhani kwamba baada ya ugezi karatasi itafanana kabisa na kioo cha simu. Haitafanana. Kijani kinachong'aa sana cha kioo hakiwezi kupatikana kwa wino wa namna nne. Hapo kamusi huchagua rangi iliyo karibu zaidi. Ugezi mzuri hulinda tofauti: penye michirizi pabaki na michirizi. Tena hauishi milele. Ukibadilisha karatasi au katriji, rudia. Hali ya hewa ikibadilika sana, rudia pia.

KADI ZA SHIRLEY

Kipimo kikichaguliwa vibaya, kila kinachofuata kitakuwa na kasoro. Zamani, kabla ya kompyuta, kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Fundi alirekebisha mashine hadi ngozi ya mwanamke yule itoke vizuri. Mwanamke huyo alikuwa mzungu. Basi picha za watu weusi zilitoka giza, macho na meno tu yakionekana, hasa mweusi alipopigwa picha pamoja na mweupe. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa baadaye, katika miaka ya 1990. Kama una picha ya zamani ya harusi ambayo uso wa bibi harusi umezama kwenye kivuli, usimlaumu mpiga picha peke yake.

KADI YA RANGI YA MAJANI

Kwa mpunga kuna kipimo ambacho mkulima anaweza kukishika mwenyewe. Ni kadi ya plastiki yenye vipande vya kijani, kutoka kijani kilichopauka hadi kijani kilichokolea. Wazo lilitoka Japani, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Ufilipino, ililiendeleza na kulisambaza. Kadi yake ya kawaida ina vipande vinne. Mkulima huchagua majani 10 ya juu yaliyokwisha kukunjuka, kwenye mimea mizima isiyo na ugonjwa. Haling'oi jani. Hulilaza juu ya kadi na kulinganisha sehemu ya katikati. Huwapa mgongo jua, ili kivuli cha mwili wake kilifunike jani na kadi. Apime mtu yule yule na saa ile ile ya asubuhi kila mara. Ikiwa majani 6 au zaidi yamepauka kuliko kiwango kilichowekwa kwa mbegu yake, shamba linahitaji naitrojeni.

Kadi hiyo usiitoe kopi ya rangi ili kumgawia jirani. Utakuwa unampa mizani isiyo na muhuri. Wala usiiache juani.

UKIPIGA PICHA YA JANI

Sasa turudi bondeni. Kabla ya kupiga picha, nenda kwenye kivuli chepesi, au mtu asimame azuie jua. Usipige chini ya mwembe mnene, maana mwanga unaopita kwenye majani yake ni wa kijani. Shika nyuma ya jani gonjwa karatasi nyeupe ya daftari, na pembeni yake jani zima kutoka sehemu nyingine ya shamba. Lishike kwanza jani zima, kisha gonjwa, usije ukahamisha ugonjwa kwa mkono, na unawe kwa sabuni ukimaliza. Piga picha moja ya karibu na nyingine ya mmea wote, majani ya chini yaonekane.

Karatasi ile nyeupe ndiyo jiwe lako la mizani. Picha ikichapwa na karatasi ikatoka njano, basi mashine imetia njano kila mahali, na njano ya jani haiaminiki. Karatasi ikitoka nyeupe, lakini jani zima nalo limetoka njano, shuku sayani. Vyote viwili vikitoka sawa, basi itazame michirizi.

Mwanao akiwa steshenari, amwombe fundi achape kwanza ukurasa wa majaribio wa mistari ya wino. Hauchukui muda mrefu. Kisha aitoe picha nje, aitazame penye mwanga wa mchana. Mafundi cherehani wanalijua hili. Ukitumwa kununua uzi wa kitambaa cha damu ya mzee, unautoa nje ya duka kabla ya kulipa, kwa sababu uzi uliofanana na kitambaa chini ya taa huweza kutofautiana nacho juani.

Ikiwa bado hamna hakika, mwite bwana shamba au bibi shamba aje bondeni aushike mmea wenyewe. Na asiende kwanza kwenye shamba la kimyanga halafu akaingia la jirani bila kunawa mikono.